Tundu la Tano

Boksi ni la viatu vya shule, namba nane.
Ndani, juu ya gazeti lililokunjwa,
kichwa cha treni kimelala vipande mia moja na kumi na viwili:
tangi la mbele, tangi la nyuma, tumbo katikati,
vyote shaba, vyote bapa kama chapati za jana.
Kwenye kifuniko, kwa kalamu ya risasi:
Reli ya mita moja. Tororo. Si mchezo wa watoto.

Yokana Ochwo alifungua injini halisi miaka thelathini na mmoja.
Kisha reli ikanyamaza, nyasi zikapanda mataruma,
naye akaendelea kuziunda, ndogo, urefu wa mkono wa mtoto,
kwenye meza ya jikoni nyuma ya stesheni,
vumbi la saruji likiingia dirishani kama mpangaji.

Wateja wake tunahesabika kwa vidole:
padri mmoja wa Gulu, daktari wa meno Nakuru,
mjane wa Soroti anayemalizia treni ya marehemu,
na mimi, karani wa ardhi, Mbale,
mwenye maboksi sita chini ya kitanda.
Sijafungua hata moja.
Nasubiri kustaafu, nilimwambia.
Akacheka mpaka akakohoa:
"Wewe unastaafu ili uanze,
mimi nastaafu ili niache.
Tutapishana wapi, na reli ni moja?"

Mwezi wa pili jicho la kulia liliingia mtoto.
La kushoto linaona, ila linaona mbili mbili.
Kalibu ya mpira imepasuka mdomo,
kila bomba la moshi sasa linazaliwa na kovu.
Tindikali, ile ya chupa ya waragi iliyoandikwa SUMU mara tatu,
mkewe ameimwaga chooni bila kuomba ruhusa.

Mjukuu wake, Nyaketcho, hutengeneza simu mjini.
Alichukua bomba, akalipiga picha pande zote,
siku ya nne akarudi na pacha wake wa plastiki,
limechapwa na mashine huko Kampala, laini, halina kovu.
Mzee akalipima kiganjani, akaliachia.
Likatua mezani bila kishindo.
"Moshi wenyewe ungekuwa mzito kuliko hili."
Nyaketcho hakununa. Aliuliza tu:
"Na kipi hakimo kwenye mchoro, babu?"

Birika lilichemka, hakuna aliyeinuka.
Nadhani ndipo alipozeeka, pale, mbele yetu,
au ndipo alipopumzika kuzeeka; sijui.
Akakunjua mchoro, umejaa pete za vikombe vya chai,
akaweka ukucha kwenye fimbo ya magurudumu,
la kwanza, la pili, la tatu, la nne.
"Hili la tano nilikosea. Unene wa unywele.
Kila boksi lililotoka hapa nimelirekebisha kwa tupa,
mara tatu kwenda, bila kurudi,
usiku, kabla ya kufunga kamba.
Sikumwambia mtu. Fundi naye huona haya.
Atakayefuata mchoro wangu neno kwa neno,
magurudumu yatamgomea, na atasema Ochwo alikuwa mwongo."

Nyaketcho akashika tupa. Ya kwanza iliteleza,
ikamchuna kidole gumba.
"Siyo nguvu. Sikiliza.
Sauti ikibadilika, umefika."
Tulisikiliza, watu watatu,
chuma kikinong'onezea shaba.
Mimi sikusikia mabadiliko yoyote.
Yeye aliacha kabla hajaambiwa.

Mbale, usiku ule, nilivuta boksi la kwanza.
Panya alikuwa ameonja kona.
Fimbo ilikuwepo, na tundu la tano
liling'aa kidogo kuliko ndugu zake:
miaka kumi na moja nimelilalia bila kujua.
Nilitafuta tupa nyumba nzima.
Nina kisu cha siagi na mikono ya karani.

Mwisho wa karatasi ya maelezo, mstari ule ule wa siku zote:
Kikipungua kitu, gonga dirisha.
Chini yake nimeongeza jina la Nyaketcho,
kwa penseli,
kwa sababu bado hajakubali.