Imeitika

Mashine mbili zilifika kliniki ya Langoni kwa punda,
zimeviringishiwa mikeka, kama biarusi na somo yake.
Nikazifunga kabatini, nikavuta waya mwembamba kati yao:
huu kazi yake ni kuulizana hali tu.
Moja isipoitika mara tatu,
nyingine inavaa jina lake na kukalia kiti.

Usiku wa tatu kanzidata ikakubali kukaa kote kuwili
(awali ilikataa nywila, kisha diski, kisha mimi).
Saa nane, nimebana pumzi, nikang'oa plagi.

Dari ni ya boriti; nasikia kila kitu.
Juu, Mwanatumu anaandikisha kichanga cha usiku ule:
mvulana, kilo tatu kasoro robo, mama…

Kimya.
Kimya cha mtoto aliyefika dukani akasahau alichotumwa.

Kisha vitufe tena. "Mama, Zena Shali," anasoma kwa sauti.
"Leo mtambo una usingizi."

Sekunde kumi na tisa.
Nimeketi sakafuni, plagi ingali mkononi, shati limeloa.
Namwandikia mke wangu: Imeitika.
Ananijibu: Nani?