Nusu Uzi

Kipimajoto hiki kilikuwa changu.
Nilikinunua duka la dawa karibu na stesheni ya Kumagaya
mwaka ule nilipomtafuta mtoto na mtoto hapatikani.
Kila alfajiri, kabla sijasema neno, kabla sijageuka kitandani,
chini ya ulimi,
nikingoja mstari upande: ukipanda, yai limetoka.
Joto hupimwa kwa nyuzi,
na Chizuru alishuka duniani
kwa nusu ya uzi mmoja.

Sasa yeye ndiye anayekitia kinywani,
mtembeaji wa kasi, kilomita ishirini,
goti limenyooka, kisigino kwanza.
Daftari ni langu lilelile, kurasa za nyuma zilizobaki tupu.
Siku ya tano: thelathini na sita nukta tatu.
Siku ya ishirini na mbili: thelathini na sita nukta nane.
Kocha Hanzawa alilitazama
kama mtu aliyeona nguo za ndani kwenye kamba ya jirani,
akasema, "Jua halichagui."

Kweli, halichagui.
Lakini maji yaliyokwisha kuwa vuguvugu
hayachelewi kuchemka kama yaliyotoka kisimani.

Agosti ya mwaka jana, siku ya ishirini na tatu,
mji umefika nyuzi arobaini, lami inavuta soli,
kilomita ya kumi na saba akaanza kwenda mshazari
akamwita mwamuzi Mama.
Tulimtumbukiza kwenye beseni la barafu na viatu vyake.
Nilimshika kichwa kisizame
kama nilivyokishika siku ya kwanza kumwogesha.
Kocha alisema, "Hakunywa maji."
Alikunywa. Nilimpa mimi, kwa mkono huu.

Mwaka huu chama kilipanga tarehe bila kumuuliza mtu.
Zikaangukia siku ya ishirini na mbili.
Daktari Yonekura, mwanamke asiyependa kuapa, alisema:
labda ni mwezi, labda ni usingizi,
labda yale mafua ya wiki ile; tafiti hazijakubaliana.
"Ila daftari si hakimu," akasema. "Ni jirani anayekugongea
kabla moshi haujaonekana."

Basi wiki mbili, kila jioni baada ya mazoezi,
alikaa ndani ya maji ya moto hadi mabegani
akiufundisha mwili kutoa jasho mapema.
Siku yenyewe, barafu iliyosagwa kofiani, barafu kooni.
Kilomita tano za kwanza akawaacha wenzake waende,
na kuwaacha kulimuuma kuliko lengelenge.

Alimaliza wa tisa.
Hakuna anayempiga picha mtu wa tisa.
Alinitazama, akaniita Mama,
akijua ni mimi.

Usiku nilimkuta sebuleni anachora nukta yake,
feni inageuka, inageuka.
Mimi siingii tena mwezini;
joto langu huja bila kalenda, saa nane za usiku,
shingoni, kama mkono wa mtu.
Alinisogezea feni bila kuinua macho,
kalamu bado karatasini, akauliza,
"Na wewe, leo uliamka na ngapi?"