Somo la Majaribio, Ibra

Darasa tupu. Kiyoyozi kinakohoa.
Bi Thuwaiba kajibana dawati la nyuma,
abaya ina madoa ya wino;
leo yeye ni Mudrik wa kumi na moja,
yule asiyeelewa.

"Mwalimu, mstari wa juu umegawa kwa h,
ukaapa si sifuri.
Wa chini umeifuta, eti sifuri.
Imekufa saa ngapi?"

Narudia kanuni.
"Sijaelewa."
Narudia, sasa kwa sauti.
"Kusikia nimesikia, mwalimu. Nimeuliza lini."

Nje digrii arobaini na sita.
Kalamu yateleza kiganjani.

"Hapo," nasema, "hata mimi huwa naruka."

Anafunga daftari la alama, hajaandika kitu,
Kiarabu anakiweka kando,
anarudi Kiunguja cha mamake:
"Ehee. Kesho anzia hapo."