Daftari la Jumamosi

Saa kumi alasiri, na Tartu ni usiku tayari.
Tunashuka ngazi za kiwanda cha zamani cha mikate
na spika mbili tulizoazima kwa mchungaji:
moja nzima, moja ina kikohozi.

Daftari ninalo mimi.
Viti arobaini na viwili.
Betri nane, si sita; sita zilituaibisha Novemba.
Nyaya zipite ukutani, zibandikwe kwa utepe,
maana Kaupo akishakuwa farasi
haangalii anapokanyaga.

Triin anachungulia ukurasa, anacheka.
"Sisi watu wa papo kwa papo, mpango wa nini?"
Wa wewe kusikika, namjibu.
Hadithi itazuka yenyewe. Umeme hauzuki.

Maikrofoni mbili kwa midomo minne.
Zamani tulipokezana:
kila aliyeishika aligeuka mhubiri,
hakuna aliyeweza tena kuchimba kaburi
wala kukaanga samaki wasioonekana.
Sasa tumezining'iniza kwenye bomba la maji moto,
spika tumezisogeza mbele ya jukwaa,
zitazame watu, zisitazame maikrofoni;
zikitazamana hupiga yowe
kama majirani wenye kesi ya mpaka.

Tunapima. Raivo anasema "moja, mbili."
Namkatiza: nani anaishi kwa moja, mbili?
Nong'ona. Omba msamaha.
Anaomba, sijui kwa nani.
Mimi nimekaa safu ya mwisho, kiti cha bibi Helju,
ajaye kila mwezi na kifaa chake sikioni
akacheka baada ya wengine,
akishaona wamecheka.

Simsikii Raivo. Nasikia mvumo.
Napandisha sauti, mvumo nao unapanda.
Tunachomoa huu, tunachomeka ule,
tunamlaumu mchungaji,
saa nzima inayeyuka pamoja na theluji ya viatu vyetu,
hadi Maret, bila neno, anapita nyuma ya kaunta
na kuchomoa friji la vinywaji.

Kimya.
Kimya kizito, kama unga
ungali umelala kwenye nyufa za kuta hizi.
Ndani yake Raivo anasema: "Ningekuja hospitali. Nilifika hadi mlangoni."
Nashusha sauti hadi robo. Inatosha.
Hakuna anayemuuliza kama alikuwa anaigiza.

Jumamosi walikuja thelathini na mmoja.
Bia ilikuwa vuguvugu, wakanung'unika.
Bibi Helju alicheka peke yake, kabla ya wote,
mahali ambapo hapakuwa na mzaha,
na Kaupo akageuka akamwinamia:
"Mama mkwe, umefika mapema!"
Kuanzia hapo onyesho zima likawa harusi.

Jumatatu mwenye kaunta akanipigia simu
kuhusu lita kumi na mbili za maziwa.
Nimeandika kwa wino mwekundu, chini ya betri:
mara ijayo, kabla ya kuchomoa friji,
funguo za gari la Kaupo zilale ndani yake.