Chenye Macho

Tangu achinjwe beberu wa Idi,
yule aliyekuwa akimlisha majani ya mfenesi mkononi,
Raya hali chenye macho.
Si changu, si pono, si dagaa:
hata dagaa, baba, wanatazama.
Yai hali, macho yamo ndani yanangoja zamu.
Maziwa ni ya ndama, na ndama ana macho
makubwa kuliko ya mtu yeyote hapa Limbani.

Mama yake yuko Unguja, kozi ya wakunga, wiki tatu.
Mimi fundi cherehani. Kiuno nakipima kwa jicho,
chumvi sijui niipime kwa nini.

Sokoni leo nimepita meza za samaki
nikitazama kando, kama mtu anayedaiwa.
Nimenunua nusu boga, mbaazi mbichi vikombe viwili,
mabilingani yanayong'aa kama viatu vya harusi,
majimbi yenye udongo wa Konde kwenye ndevu zake,
na mbirimbi, ambazo Faki hakuzihesabu,
alizikumba tu na kuzifunga kwenye gazeti.

Majimbi yanawasha.
Hilo hakuniambia mtu.
Nimejikuna mpaka viwikoni,
Raya ananipaka mafuta ya nazi huku anacheka:
mama hupaka kabla, baba. Kabla.

Kitunguu, thomu, nyanya. Bizari imemwagika,
nusu chunguni, nusu kwenye kanzu ya mteja
niliyoitundika mlangoni ingoje vifungo.
Majimbi kwanza, ni makaidi;
kisha mbaazi, kisha boga, linalojimaliza pembe taratibu
mpaka mchuzi unaanza kuwa na uzito wa maneno.
Bilingani nyuma yao, halivumilii moto.

Bi Mize kachungulia juu ya ukuta:
"Kinachonukia hicho kitoweo gani?"
Mboga, nikamwambia.
"Mboga na nini?"
Mboga na mboga.
Akanyamaza kidogo.
"Poleni. Nani mgonjwa?"

Ikabaki nazi.
Nimeifua nje, nimeigeuza nitafute pa kuipiga,
na pale, chini ya makumbi yaliyosalia,
macho matatu.
Nikayaziba kwa kiganja.

Siku ile miguu ya nyuma niliishika mimi.
Kisu kilipopita nilifumba macho,
na hakuna aliyeniona, nadhani.

Baba, toa mkono.

Akaichukua, akaielekeza dirishani,
akaikagua kwa muda wa kutosha chungu kushika chini.
Mawili magumu, akasema, yamefungwa.
Hili laini ndiko mche hutokea.
Hii haitazami, baba.
Inaota tu.

Basi tukaivunja. Maji yake kayanywa yeye, yote.
Mimi nikakaa juu ya mbuzi,
huyu wa mbao, mwenye meno na asiye na macho,
nikakuna mpaka kifuu kikawa na sauti ya mfupa.
Raya akakamua kifumbu kwa mikono miwili, ulimi nje.
Tui jepesi kwanza, mboga ziive ndani yake.
Lile zito mwisho, pamoja na mbirimbi,
na usiache kukoroga, aliniambia,
tui hukatika.
Hilo nililijua. Mambo ya kukatika ndiyo kazi yangu.

Tumekula kwa boflo, sakafuni, bila kusemezana.
Chumvi haikutosha; mbirimbi zimeisitiri.
Bakuli tulilompelekea Bi Mize
limerudi kabla ya alasiri, limeoshwa, lina ndimu tatu
na salamu kwamba kesho tusipike kidogo.

Usiku simu imelia kutoka Unguja.
Nilikuwa naloweka ile kanzu kwa mara ya tatu,
nikawasikia.
Mmekula nini?
Mchuzi.
Mchuzi wa nini, mwanangu?
Raya akageuka, akanitazama
mimi na mikono yangu ya manjano.

Wa baba, akasema.