Nilivyomsimulia Bi Doreen Filamu

Kitabu tulikianza Novemba, nyakati za jioni,
nikishampa dawa na kufunga pazia,
hapo Huddersfield, mtaa wa mlimani,
nyumba za mawe meusi kwa moshi wa viwanda
ambavyo vyenyewe havipo tena.
Macho yake yamebakiza kingo tu:
dirisha analiona, anayesimama dirishani hamwoni.
"Soma polepole," aliniambia. "Mwandishi huyu hakuwa na haraka,
nami nina haraka ya nini?"

Nikasoma. Tabitha, binti wa mtoza ushuru wa daraja,
mwenye pengo upande wa kushoto,
anayecheka amefunika mdomo kwa kiganja.
Nilimsoma kwa ulimi wangu wa Muheza,
majina ya vijiji yakinikaba,
hadi Bi Doreen akasema Tabitha wa kichwani mwake
sasa anazungumza kama mimi,
na kwamba haimkeri.

Kuna mahali Tabitha anafumua pindo la koti
la marehemu babake, kutafuta barua.
Kurasa kumi na moja! Uzi kwa uzi.
Mshumaa unapungua, mto unapanda,
anakumbuka nani alilishona, kwa sindano gani,
anasimama, anakula kiazi baridi, anarudi.
Na barua ikipatikana imeoza kwa jasho la mwenyewe,
haisomeki.
Usiku ule basi la mwisho liliniacha.
Nilirudi kwa miguu, uzi umenikwama kooni.

Machi filamu ikaja.
Nilimvika koti la kijani, tukapanda teksi,
tukakaa safu ya nyuma, karibu na mlango wa choo,
kwa ajili ya umri wake na minong'ono yangu.

"Yukoje?"
Mzuri, Bi Doreen. Mrefu.
"Pengo?"
Nikayatazama yale meno,
yamejipanga kama vigae vya bafu jipya.
Lipo, nikasema. Anafunika mdomo.

Daraja, siwezi kukana, walilipata.
Mwandishi alitumia sura nzima kulijenga
na mimi sikuwahi kuliona mpaka pale:
ukungu unapita chini ya tao,
farasi mmoja amesimama, pumzi inamtoka kama ya birika.
Nikasahau kazi yangu.
Akanifinya mkono: "Nini? Kuna nini?"

Kisha koti.
Mkasi. Noti mbili za piano. Barua, kavu,
mwandiko wazi kama tangazo la ukutani.
Sekunde nane, labda tisa.
Nikainama sikioni pake, nikaanza kufumua:
uzi, Bi Doreen. Mshumaa. Uzi mwingine.
Sasa anakula kiazi.
Kwenye skrini walishafika harusini, fidla zinalia.
"Mbona kuna muziki?"
Majirani, nikasema. Ng'ambo ya mto.
Mzee wa mbele akageuka: "Sss!"
Nikapunguza sauti, sikuacha.
Nilipoifikia barua isiyosomeka
Tabitha wao alikuwa na mtoto wa pili.

Nje, manyunyu, mvua ile isiyojiamulia.
Akasema filamu ni nzuri, wamekitendea haki kitabu,
hawakukata kitu.
Nikaitikia.
Akapapasa vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine,
kama anayevihesabu.
"Ila wewe," akasema, "wewe ulikata.
Desemba. Yule mbwa wa kivukoni.
Nilikisoma nina miaka kumi na sita,
macho mazima. Mbwa yule nilimlilia."

Kweli. Ilikuwa saa mbili kasoro robo, miguu inawaka,
mbwa yuko njiani kufa, nikaona na afe bila mimi,
nikaruka kurasa nne kwa pamoja
kama mtu arukaye dimbwi asilowe viatu.

Teksi ikaja. Nikamfunga mkanda.
"Kesho," akasema. "Mbwa."