L Yenye Kovu

Fomu ina swali moja tu linalonitesa:
*Eleza, kwa maneno mia tano, kwa nini umechagua
shahada ya uzamili katika lugha za Kislavi.*

Nimekaa Ng'ong'ona, chumba cha elfu arobaini,
upepo wa Agosti unasukuma vumbi chini ya mlango
kama mtu anayepitisha bahasha.
Kompyuta ni ya Nyemo wa chumba cha pili,
anaitaka kabla ya saa nne, ana ripoti ya chanjo za kuku.

Mjomba Ikaji alishapiga simu kutoka Bicha:
"Hicho Kislavi, mwanangu, kinapandwa msimu gani?
Alizeti naijua. Dengu naijua.
Hata ualimu, ingawa ajira hakuna, naujua."
Salio lake likakata kabla sijajibu
na nikashukuru.

Niandike makaburi?
Tulichunga mbuzi kando yake, Kondoa,
misalaba ya saruji, majina marefu
yenye konsonanti zilizobanana
kama watu dirishani siku ya mahindi ya msaada.
Nilikuwa darasa la pili, nazijua a, e, i, o, u,
nikaikuta a yenye mkia,
e yenye mkia,
na l iliyochanjwa tumboni, kovu la mshazari,
kama chale za kaka yangu alipougua degedege.
Mwalimu Kidolezi akasema ni makosa ya fundi.
Miaka mingi niliamini
kwamba watu waliofia mbali vile
walikosewa hata majina.

Au nimwandike bibi?
Bibi Mwajabu, aliyepeleka mayai kambini akiwa na miaka tisa,
vita vya Wazungu vilipowatapika Wazungu wengine
mpaka kwetu, wanawake na watoto, wamekonda.
Mayai kwa sindano. Mayai kwa vifungo.
Zaidi ya vifungo hakusimulia.
Lakini kitindamimba wa kila tumbo nyumbani
huitwa Maluti.
Mama alikuwa Maluti. Mimi ni Maluti.
Sisi tulidhani ni Kirangi cha kale,
wazee wa Kirangi walidhani ni cha Waburunge,
Waburunge hakuna aliyewauliza.

Mwaka wa pili chuoni, nikitafuta kitu kingine kabisa,
nilifungua kamusi ya Kipolandi, mchwa wameshaila hadi J.
*Malutka.* Mdogo, wa kike, mdogo kabisa.
Nikaifunga. Nikaifungua.
Neno lilikuwa bado pale.
Kuna mwanamke alimwita bibi yangu hivyo,
juu ya kikapu cha mayai,
labda akimwita mwingine aliyemzika njiani.
Labda. Sina ushahidi,
na fomu inataka vielelezo.

Profesa wa huko ameniandikia, kwa upole,
kwamba sarufi yao huwashinda wengi:
nomino moja hubadili mkia mara saba.
Nilitaka kumjibu: kwetu kiti kikivunjika
sentensi nzima huingia msibani,
kiti changu kile kizuri kimoja kimevunjika.
Sikumjibu hivyo. Nilimjibu, "Asante, nitajitahidi."

Kaburi la bibi halina maandishi.
Jiwe kichwani, jiwe miguuni,
na mvua ya mwaka juzi imelisogeza moja.

Saa tatu na dakika hamsini.
Nafuta *utandawazi*. Nafuta *fursa za kitaaluma*.
Naandika: *Naomba kuja kujifunza kulitamka jina langu.*
Maneno saba. Bado mia nne tisini na matatu,
na Nyemo anagonga.
Dakika moja, namwambia, dakika moja,
nataka niliweke na jina la kaburi la pembeni,
lile fupi, la mtoto,
lakini kibodi hii haina l yenye kovu.
Naacha pengo, nitalijaza kwa kalamu:
Bogus   awa, miaka sita.